Marahaba ya Baba Nurdini

Simu ya Asmahani ilikuwa na mahali pake katika nyumba ile ya mtaa wa Ng'ambo, Tabora: ndani ya bilauri, kwenye ukingo wa dirisha la ukumbini, maana mtandao ulipenda pale tu, kwingine kote ulinuna. Kila asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, simu ilitetemeka humo ndani na bilauri ikalia kama muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake. Hapo Asmahani hutoka mbio na mwiko mkononi, akasoma kwa sauti ujumbe uleule wa kila siku, nyumba nzima isikie: "Shikamoo baba, shikamoo mama. Niko salama. Nurdini."

Juzi bilauri haikulia. Wakasema labda mtandao. Jana haikulia, wakasema labda ni mawingu, maana mvua ilikuwa imeikalia Tabora nzima. Leo chai ilishapoa, wanafunzi walishapita kwenda shule, na hakuna tena aliyesema labda.

"Baba Nurdini," Asmahani aliita, "hebu njoo uitazame hii simu. Wewe si fundi?"

Yahaya alikuwa fundi kweli, fundi wa redio, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili. Aliichukua simu, akaipuliza, akatoa betri akairudisha, akaipigapiga kidogo kiganjani. Yaani alifanya yale yote anayofanyia redio ya mteja anapokuwa hajui ina nini.

"Nzima," alisema.

"Nzima gani, hailii?"

"Simu ni nzima, mama Nurdini. Aliyeko upande wa pili ndiye..." Akairudisha ndani ya bilauri.

Upande wa pili ilikuwa bahari. Jamani, Tabora na bahari, wapi na wapi! Katika nyumba ile aliyewahi kuiona ni Nurdini peke yake. Alikwenda Unguja kupika hotelini, na hotelini akakutana na mzungu mmoja mzee na mkewe, watu wanaoizunguka dunia kwa boti ya matanga, wakamtaka awe mpishi wao na mvuta kamba. Sasa walikuwa wanateremka kuelekea Afrika Kusini. Wangekuwa wameshafika zamani, ila mlingoti uliharibika, fundi akachelewa, na msimu wa vimbunga ukawakuta njiani.

Kabla hawajang'oa nanga Nurdini alipiga simu akaeleza mambo yatakavyokuwa. "Mama, humu botini kuna kidude kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kinaongea na setilaiti, hata tukiwa katikati ya maji. Salamu yangu nimeihifadhi humo, kila asubuhi nitabonyeza mara moja, ije. Hiyo ni bure. Lakini neno lingine lolote, liende au lije, linakata kifurushi cha mzee, na kifurushi hichohicho ndicho kinachotuletea habari za hali ya hewa. Kwa hiyo msinijibu, mama. Hata neno moja. Umenisikia? Mwambie na baba."

Asmahani alimwambia baba. Alimwambia na Mwanajuma, binti yao mshonaji aliyerudi nyumbani baada ya talaka, tena yeye aliambiwa kwa kukaziwa macho, maana vidole vyake na simu ni ndugu. Mwanajuma akaapa hataigusa. Yahaya akaitikia tu kwa kichwa. Basi na tuliseme wazi sasa hivi, maana sioni faida ya kuwazungusha watu: aliyejibu ni Yahaya.

Siku Nurdini anaondoka Tabora walikuwa wamegombana juu ya kile kibanda. Mzee alitaka kumrithisha, kijana akasema kibanda chenyewe hakimlishi hata aliyekijenga. Pale stesheni, treni imeshapiga honi, Nurdini aliinama mbele ya watu. "Shikamoo baba." Yahaya akatazama mabehewa. "Shikamoo baba," kijana akarudia, sauti imeshuka. Yahaya akaendelea kutazama mabehewa mpaka yakaanza kusogea. Shikamoo ya mtoto ikabaki pale kwenye kokoto za reli, haina wa kuipokea. Tangu siku hiyo Nurdini alikuwa akimpigia mama yake tu, na mwisho wa maongezi anasema, "Msalimie baba."

Ujumbe wa kwanza wa baharini ulipofika, Asmahani aliusoma, akalia kidogo kwa furaha, akarudi jikoni kuwahi maandazi yasiungue. Yahaya akasogea dirishani kama mtu anayeangalia saa. Shikamoo baba. Baba ametangulia, kabla ya mama. Vidole vyake vilivyozoea kuchomelea waya vikatafuta herufi mojamoja: Marahaba mwanangu. Akatuma, kisha akafuta, simu ikawa kama haikuguswa. Kesho yake tena. Na kesho kutwa. Alijua amekatazwa, si kwamba alikuwa hajui. Lakini niambie wewe, ungeweza? Mtoto anakuja mlangoni kwako kila asubuhi na shikamoo yake, nawe umfungie mdomo mara ya pili? Maneno mawili tu, alijiambia. Maneno mawili yatamaliza nini.

Aliyemwandikia Nurdini mkataba wa kazi ile ya boti alikuwa wakala mmoja wa Dar es Salaam, jina lake Valentino, kijana mwenye sauti laini na haraka nyingi. Asmahani alimpigia mpaka namba yake akaijua kwa kichwa.

"Tunafuatilia, mama."

"Mnafuatilia wapi, baba? Mmewaona?"

"Tunafuatilia kwenye mtambo. Nikipata kitu nitawapigia mimi. Msiwe mnapiga piga, nawaomba."

Na simu ikakatwa. Asmahani aliitazama, akaona aibu kana kwamba kaomba chumvi kwa jirani akanyimwa.

Yahaya akavaa koti lake la Ijumaa, akaenda polisi. Kaunta ilikuwa na watu wa baiskeli zilizoibwa na mama mmoja wa Sikonge aliyemwagiwa ndoo za asali na dereva wa fuso. Zamu yake ilipofika, askari hakuwa mtu mbaya, alimpa hata kiti.

"Amepotelea wapi huyo kijana, mzee wangu?"

"Baharini."

"Bahari ya wapi?"

Yahaya akafikiri. "Kubwa," alisema.

Watu wa baiskeli wakacheka. Askari hakucheka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi Yahaya. "Mzee," alisema kwa upole, "sisi hapa tunaandikisha waliopotelea Tabora. Ungekuwa na mtu Dar, angekwenda huko kwa wahusika wa bahari."

"Wanaitwa nani hao wahusika?"

"Kwa kweli mimi mwenyewe sijui."

Alirudi kwa miguu, koti limelowa. Ukumbini alimkuta Mzee Masele, jirani, amekuja kuwapa moyo. "Babu zetu walikuwa wakitoka hapa na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani," Masele alikuwa akisema. "Mwaka mzima mtu hayupo. Nani alikuwa na simu? Na walirudi."

"Wote?" Asmahani aliuliza.

Masele akaangalia kikombe chake cha chai. "Wengi," alisema.

Valentino alipiga mwenyewe siku iliyofuata. Asmahani alimpa Mwanajuma simu aifungue sauti, wote wasikie. Yahaya alikuwa amesimama mlangoni, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi.

"Mama, naomba kuuliza. Huko kwenu kuna mtu amekuwa akimjibu Nurdini?"

"Hakuna. Tulikatazwa."

"Kuna mtu, mama. Kila siku, kutoka namba hii hii ninayoipiga. Na kifurushi kilikuwa kidogo, cha kuwafikisha bandari ya mbele tu. Sasa kimekwisha. Kidude hakitumi wala hakipokei, hata ile salamu ya bure haitoki. Kimebaki na kitufe chekundu tu, cha kuomba kuokolewa. Hicho peke yake ndicho hakidai kifurushi."

"Si uwaongezee, baba! Sema kiasi gani, sisi tutahangaika."

"Akaunti ni ya yule mzee, ina neno lake la siri. Nimewaandikia wenye mtambo huko Ulaya, wamesema bila neno la siri hawapokei hela ya mtu yeyote."

"Basi muulize huyo mzee neno lake."

"Mama," Valentino alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka, "si yuko botini."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Asmahani akajikaza. "Haya. Hawana simu. Si wataendelea tu na safari, watafika?"

"Kuna kimbunga kimeanza upande wa Madagaska. Mara ya mwisho walikuwa wanaelekea hukohuko."

"Na wao hawajui?"

"Dunia nzima inajua, mama. Wasiojua ni wao tu."

Simu ilipokatika, Asmahani alimgeukia binti yake. Sitayarudia yote aliyoyasema, kuna maneno mama huyatoa uchungu ukimzidi halafu akayajutia mwaka mzima. Alimwita mpiga soga. Alimwambia vidole vyake vilimvunjia ndoa na sasa vimemuua nduguye. Mwanajuma aliapa kwa msahafu, akapiga magoti, akalia, "Mama, sikuigusa, wallahi sikuigusa!" Yahaya alikuwa palepale mlangoni. Akavaa kandambili ya pili akatoka, akaenda zake kibandani, akamwacha binti yake amepiga magoti sakafuni kwa kosa lisilo lake. Hilo ndilo alilolifanya, na mimi simtetei.

Kibandani aliwasha redio moja, ikasema kimbunga. Akawasha nyingine ya mteja, hiyo nayo kimbunga: upepo unazidi nguvu, vyombo vidogo visithubutu. Miaka yote hiyo alikuwa akijisifu kwamba hakuna redio iliyoingia kwake ikatoka bubu. Zote zilisikia, zote zilisema, ila hakukuwa na hata moja ambayo ungeweza kuiinamia masikioni ukaiambia, mwambie Nurdini ageuze boti. Alizizima, akakaa mbele yake mikono mapajani. Aliogopa. Aliogopa jinsi ambavyo hakuwahi kuogopa tangu azaliwe, na hakukuwa na kitu cha kushika, si bisibisi, si waya, si chochote.

Habari haikai nyumba moja Ng'ambo. Asubuhi yake alifika Apolinaria, yule Mkatoliki wa nyumba ya kona anayeuza asali, akiwa na kitambaa kilichofungwa fundo, akaamkia kwa Kinyamwezi. "Mwangaluka, mama Nurdini. Tumepitisha mchango mtaani, na jumuiya yetu imetoa kidogo. Tumesikia kijana kaishiwa kifurushi."

Asmahani alilitazama lile fundo. Ilibidi aeleze, tena na tena, kwamba hela haipokelewi. Apolinaria hakuelewa. "Hela? Inakataliwa?" Hajawahi kusikia shida ya namna hiyo, na akabaki ameshika fundo lake hajui aliweke wapi, mpaka mwishowe akaliacha chini ya kiti.

Wakati huohuo Mwanajuma alitoka chumbani amejifunga mtandio, begi mkononi. "Nakwenda Ntalikwa kwa shangazi," alisema bila kumtazama mama yake. "Msiwe mnaniona muuaji kila nikipita."

"Nenda," Asmahani alisema.

"Rudisha hilo begi ndani." Yahaya alikuwa amesimama uani. Macho yalikuwa mekundu, ilionekana hakulala. "Mwanajuma hakuigusa simu. Ni mimi. Nilikuwa namjibu."

Apolinaria akainuka polepole, akaona kuinuka ni vibaya, akakaa tena.

"Ulikuwa unamwambia nini?" Asmahani aliuliza.

"Marahaba."

"Kila siku?"

"Ananiamkia kila siku. Ningefanyaje?"

Asmahani alicheka, kicheko kibaya kilichomwogopesha binti yake. "Pale stesheni, ulipotakiwa kumjibu, ukanyamaza. Ulipoambiwa unyamaze, ndipo ukamjibu." Akakusanya khanga yake. "Na jana mtoto wa watu anapiga magoti hapa, wewe ukatoka. Mwanajuma, mwanangu, nisamehe. Njoo unisamehe." Wakakumbatiana mama na binti, wakalia kwa sauti, na Yahaya akabaki uani mvua ikimnyeshea, hakuna aliyemwita ndani wala aliyemfukuza.

Tangu hapo Asmahani hakumsemesha. Chakula alimpakulia, ugali na mlenda kama kawaida, akamwekea mbele akaondoka. Yahaya alikula kwa sababu kuacha kungekuwa kutafuta kubembelezwa. Msikitini waliomba dua, kwa kina Apolinaria wakaweka nia ya misa. Mtu alimwambia Yahaya kuna mganga Sikonge anayeona mbali, mwingine akasema aandike barua kwa mheshimiwa. Alisikiliza kila mtu, akamshukuru kila mtu, akarudi akakaa ukumbini kuitazama bilauri.

Ikalia. Ilikuwa asubuhi, chai iko jikoni, saa ileile ya siku zote, na Asmahani akatoka mbio na mwiko mkononi. Lakini haikuwa salamu. Ilikuwa Valentino anapiga.

"Mama, kitufe kimebonyezwa. Kile chekundu. Alfajiri hii."

Mwanajuma akapiga kelele ya furaha, akajiziba mdomo.

"Maana yake mwanangu yuko hai?" Asmahani aliuliza.

"Maana yake kuna mtu alikuwa hai wakati wa kukibonyeza. Wako ndani ya kimbunga chenyewe. Kuna meli ya mizigo imegeuzwa njia iwafuate, ila bahari imechafuka, haifiki kabla ya kesho. Sasa sikiliza, mama. Kitufe kikishabonyezwa, waokoaji wanaweza kupeleka ujumbe kwenye kidude. Wamejibiwa mara moja tu, kwamba maji yanaingia, kisha kimya. Wameniuliza kama familia ina neno. Fupi. Haraka, wako hewani."

Ikawa vurugu. Mwanajuma akasema mwambie tunampenda. Apolinaria, aliyekuwa amekuja na maziwa, akasema mwambie amwombe Mungu. Mzee Masele kutoka barazani akasema mwambie ashike mlingoti. Asmahani akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akampelekea mumewe simu, akamwekea mkononi.

"Mjibu mwanao," alisema. Ni maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ile.

Yahaya aliishika simu kwa mikono miwili. Asubuhi zote zile neno alikuwa akiliiba, leo amepewa.

"Mzee? Uko hapo?"

"Mwambie marahaba."

"Hilo tu?"

"Marahaba mwanangu. Hilo tu."

Alisikika Valentino akichapa. Kisha akasema, taratibu, "Mzee, nilijua ni wewe, sikusema. Yule mzee mwenye boti aliwahi kunilalamikia. Alimwambia Nurdini awaambieni mwache kujibu. Kijana akakataa. Alimwambia, kata kwenye mshahara wangu, lakini baba yangu usimwambie kitu."

Yahaya alikaa chini, palepale, sakafuni. Alilia mbele ya wake za watu na mbele ya Masele, alilia kama hana haya, na Mwanajuma akaja akakaa pembeni yake, akamshika bega. Alijua? Mtoto alijua. Marahaba zote zile alikuwa akizipokea, akazilipia mwenyewe, na walikuwa wawili waliokimaliza kile kifurushi, baba huku na mtoto kule, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza.

Jioni jua lilichungulia kidogo, mvua ikaacha. Valentino alipiga tena.

"Neno limefika. Mtambo unaonyesha kidude kimelipokea."

"Amelisoma?" Yahaya aliuliza.

"Kidude kimelipokea, mzee. Kama kuna mtu amelisoma, hakisemi."

"Na hiyo meli?"

"Kesho. Bahari ikiruhusu."

Asmahani aliichukua simu, akaifuta kwa ncha ya khanga, akairudisha ndani ya bilauri, kwenye ukingo wa dirisha. Akaigeuza kidogo, akaigeuza tena, mpaka akaona alama ya mtandao imesimama yote. Kisha akaingia jikoni. Mwanajuma akamletea baba yake kigoda, na Yahaya akakaa chini ya lile dirisha, akingoja kuamkiwa.